Dume Hafungwi Kamba

Ambrosi alikuja na kamba tatu. Hilo ndilo lililomuuma Verediana kuliko maneno yote yaliyosemwa asubuhi ile: kwamba mtu mzima, mwenye nyumba ya bati na kisima chake mwenyewe, aliamka, akaingia stoo, akachagua kamba tatu za kutosha shingo tatu changa, akazikunja vizuri mkononi, na njia nzima kutoka kwake mpaka huku hakuna mahali moyo ulipomuuliza, Ambrosi, unakwenda wapi?

Alisimama uani akatoa salamu yetu, kamwene. Verediana, ambaye alikuwa anapepeta mahindi, akaitikia kamwene bila kuinua macho, kama alivyolelewa kumwitikia mtu wa umri wa baba yake. Ndipo Ambrosi akasema amekuja kuchukua wana-kondoo wake. Hakusema kuomba, wala kuzungumza. Alisema kuchukua, kama mtu aliyekuja kufuata sufuria yake aliyoiazimisha siku ya harusi.

Wana-kondoo hao walikuwa zizini na mama zao. Mama zao ni kondoo wetu wa siku zote, wekundu kama udongo, wenye mikia ya mafuta. Lakini watoto walikuwa na miili myeupe, na vichwa vyeusi mpaka shingoni, utadhani mtu aliwashika miguu ya nyuma akawachovya kwenye chungu cha masizi. Kijiji kizima cha Itungwike kilijua vichwa vile vimetoka kwa nani. Dume wa Ambrosi alikuwa na kichwa hichohicho.

Verediana alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake tangu utoto: maneno yalimfikia mtu akishaondoka. Aliyeongea ni mama yake, Sabina, aliyetoka jikoni na mwiko mkononi, akasema hakuna kamba itakayoingia zizini kabla mwenyekiti wa kitongoji hajasikia jambo hili. Ambrosi akatabasamu. Akasema vyema sana, hata yeye anamtaka mwenyekiti, na Ijumaa, siku ya mashauri, ni karibu. Akaondoka na kamba zake bila haraka.

Itungwike iko bondeni upande wa Isimani. Mawingu yanayotoka Iringa mjini yanapita juu yetu kama basi lisilo na abiria wa kushusha. Wenzetu wa Kalenga wana mto wao, wanakula mahindi mabichi mwezi ambao huku hata mbuzi anafikiri mara mbili kabla ya kuinuka. Mahindi yetu mara nyingi hukaukia magotini. Kwa hiyo mtu wa Itungwike akikuuliza una nini, haulizi ekari, anauliza zizini kuna nini. Baba yake Verediana alipofariki aliacha majike wawili wa kondoo, na wawili hao ndio waliokuwa jibu la nyumba ile.

Dume wa Ambrosi alitoka kwa Crispin, mwanawe, na hapo sharti nirudi nyuma kidogo, maana bila Crispin habari hii haieleweki.

Crispin na Verediana walikuwa wanapendana, au Verediana ndivyo alivyoamini. Alikuwa na miaka ishirini. Alipomwambia Crispin kwamba ana mimba, Crispin alimshika mkono, akasema atazungumza na wazee, na kesho yake akapanda basi la Mbeya. Mtoto akazaliwa wa kike, akaitwa Blessing, akiwa na paji la uso la Crispin, masikio ya Crispin yaliyosimama kama ya popo, na kidole kidogo cha mguu kilichopanda juu ya mwenzake, kama cha Crispin na cha Ambrosi mwenyewe. Sabina alimfunga mjukuu mgongoni, akamchukua binti yake, wakaenda kwa mwenyekiti.

Ambrosi aliitwa, akaja. Alimtazama mtoto muda mrefu, tena akakishika kile kidole. Kisha akasema sura si ushahidi, watu duniani hufanana, hata yeye huko Mafinga aliwahi kusalimiwa na mtu aliyemdhania kuwa shemeji yake. Watu wakacheka. Alipoona wamecheka, akaongeza kwamba hata hivyo dume hafungwi kamba, wenye majike ndio wafunge majike wao. Wakacheka zaidi. Verediana alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto ananyonya, na jibu likamjia jioni akiwa anasonga ugali, wakati wa kumsikia hakuna.

Tangu siku ile Crispin hakutuma hata kipande cha sabuni. Lakini miaka mitatu baadaye alimtumia baba yake dume wa kondoo.

Dume yule alishuka Iringa kwenye lori lililokuwa linarudi kutoka Tunduma, katikati ya kreti tupu za soda, akaletwa kijijini kwa bajaji ya mizigo. Walimwita Dopa. Philbert, bwana mifugo wa kata, alikuja kumwona akawaeleza watu kwamba hiyo ni mbegu ya nchi kavu kuliko Isimani. Manyoya yake hupukutika yenyewe, anakula kile mbuzi anachokula na kile mbuzi anachokataa, na mtoto wake hujaa nyama wakati kondoo wetu bado anacheza. Ambrosi akamjengea banda la sakafu ya saruji. Mwenye jike akitaka apandwe, alete debe la mahindi. Watu walileta, tena kwa kupanga foleni.

Verediana hakuleta. Debe hilo hakuwa nalo, na hata angekuwa nalo, miguu yake ingekataa kuingia uani kwa Ambrosi.

Sasa huku kwetu mashamba yakishavunwa hayana mwenyewe. Mifugo yote hufunguliwa ikala mabua popote, mpaka mvua za kwanza, na hakuna anayemshtaki mwenzake. Ambrosi naye alimfungulia Dopa, nadhani zaidi ili watu wamwone akitembea. Dopa alizunguka siku mbili, akakuta majike wawili wekundu wa Verediana, na kwake ndiyo ikawa mwisho wa kuzunguka. Banda la saruji alilisahau kabisa.

Verediana alimrudisha. Alimfunga kamba, akamvuta, dume mzito kama gunia lenye miguu, mpaka uani kwa Ambrosi alikokuwa hajakanyaga tangu Blessing azaliwe. Ambrosi alikuwa amekaa na wageni. Akasema, mbele ya wageni, "Mwache atembee, mwanangu. Si unajua dume hafungwi kamba?" Na mgeni mmoja aliyeijua habari ya zamani akapaliwa na kicheko. Siku ya pili yake Dopa alikuwa zizini tena, mlango wa fito ameuvunja kwa kichwa. Verediana akamrudisha tena, akaambiwa yaleyale. Mara ya tatu hakumrudisha.

Basi kiangazi chote dume wa tajiri alikula mabua ambayo Verediana aliwawekea majike wake wawili. Alikunywa maji ambayo Verediana aliyabeba kichwani kutoka bwawani, na dume yule alikunywa kama trekta. Mlango wa zizi ulisukwa upya kila baada ya siku chache. Mvua ya kwanza ilipodondoka, Ambrosi alikuja kumfuata dume wake, akamkuta amenenepa kuliko alipomfungulia. Akampigapiga mgongoni, akasema, huyu ameshiba kweli. Akaondoka naye. Asante ya mdomo hakuitoa.

Majike wakazaa. Mmoja alizaa mapacha, majike wawili, na mwenzake akazaa dume. Watu wakaanza kuja kuwatazama, wakiegemea fito za zizi, wakisema mambo mazuri, na nyumba ambayo kwa miaka ilikuwa inatembelewa na wadai na wenye huruma sasa ikatembelewa na wenye kutamani. Verediana alikuwa anasimama pembeni ameshika ncha ya kanga mdomoni, hasemi kitu, lakini ndani yake mambo yalikuwa yanapangika. Majike wawili watakua. Dume mdogo naye atakua, na hakutakuwa na haja ya kwenda uani kwa mtu yeyote kuomba mbegu. Tena jirani mmoja, mjane mwenye majike wanne, alikuwa ameshamnong'oneza: dume wako akikomaa, mwenzangu, nikumbuke, mimi debe la Ambrosi limenishinda.

Mjane alimnong'oneza Verediana, na kesho yake alimnong'oneza mtu mwingine, na Itungwike ni ndogo. Siku iliyofuata ndipo Ambrosi alipokuja na kamba. Kwa hiyo mtu asije akasema alikuja kwa ajili ya damu yake. Alikuja kwa ajili ya foleni yake.

Toka siku hiyo mpaka Ijumaa washauri hawakukauka uani kwa Verediana. Shangazi yake alikuja, akasema mwenye nguvu mpishe. Mwinjilisti wa usharika alikuja, akasoma habari ya wapatanishi. Sabina mwenyewe, aliyekuwa shujaa wa mwiko, kufika Alhamisi mkono ulikuwa umeshuka, akaanza kusema mpe huyo dume tu, majike tubaki nao, tuishi kwa amani. Verediana alisikiliza wote. Alikuwa anaona jambo moja la ajabu. Amani ilikuwa inaletwa kwake kila siku kama mgonjwa anavyoletewa uji. Kwa Ambrosi hakuna aliyepeleka hata kijiko. Aliyenyang'anya, walimwacha apumzike. Aliyenyang'anywa, ndiye aliyetakiwa kuwa na roho nzuri.

Ijumaa wakaenda. Shauri husikilizwa mashineni kwa Sedekia, maana ndipo penye kibaraza na mabenchi, na mwenyekiti, Mzee Vitus, hana ofisi nyingine. Wanawake walikuwa wengi na ndoo zao za mahindi wakisubiri zamu ya kusaga. Verediana aliagizwa aje na kondoo, wote, kama ushahidi, akaja nao watano, na Blessing nyuma yao akiwachunga kwa kijiti. Mzee Vitus akamwomba Sedekia azime mashine. Sedekia akazima upesi kuliko siku zote, kwa sababu naye alitaka kusikia.

Ambrosi alisimama. Anajua kusema, hilo tusimnyime. Alieleza dume wake alikotoka, na safari yake, na saruji ya banda. Akamwita Philbert, akamuuliza mbele ya watu kama wale watatu ni damu ya Dopa au si damu ya Dopa. Philbert, kijana mpole mwenye mabuti ya mpira, alimkamata mmoja, akamfungua mdomo, akamtazama mgongo, akasema ndiyo, baba yao ni Dopa, hilo halina ubishi.

"Na katika kijiji hiki Dopa ni wa nani?"

"Ni wako."

"Mmesikia," Ambrosi akasema, akageuka kwa wanawake wenye ndoo. "Mimi sina ugomvi na binti huyu. Jike ni mfuko tu, wa kutunzia. Mwenye mbegu ndiye mwenye mazao. Na ukitaka kujua mbegu ni ya nani, tazama kichwa. Damu haijifichi. Mtoto akizaliwa na kichwa cha kwangu, huyo ni wa kwangu, hata angezaliwa chini ya kitanda cha mfalme."

Philbert alitaka kusema neno kuhusu umiliki, Mzee Vitus akamwambia ameulizwa damu, amejibu damu, akae. Wazee wawili watatu wakaguna kwa kukubali. Ilikuwa inaonekana wazi shauri linaelekea wapi, na mama mmoja alikuwa ameshainua ndoo yake kwa kudhani mashine itawashwa.

Mzee Vitus akamwuliza Verediana kama ana la kusema. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetimiza utaratibu.

Verediana alisimama. Alisema kitu, hakuna aliyesikia.

"Paza sauti, dada," Sedekia akamwambia. "Mashine nimeshazima."

Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Na pengine ni kicheko kile kilichomfungua, kwa sababu kilimkumbusha kingine.

"Nina swali," akasema. "Nilipomleta Blessing hapa, Mzee Ambrosi alisema nini?"

Wanawake wenye ndoo walitazamana.

"Alimshika kidole. Nyote mliokuwepo mlimwona. Akasema sura si ushahidi, watu hufanana." Akamgeukia Mzee Vitus. "Ndiyo nauliza, mwenyekiti. Nimebaki nyuma, sijui mambo yamebadilika lini. Kwa binadamu, sura si ushahidi. Kwa kondoo, kichwa ni ushahidi. Au kondoo hawa hawawezi kufanana tu na dume wa watu? Labda baba yao yuko Mafinga."

Kicheko kilichotoka sasa kilikuwa cha namna nyingine. Kilitoka upande wa ndoo, kikapanda mpaka kwenye mabenchi, na hata Mzee Vitus ilibidi ajifute masharubu. Ambrosi hakucheka. Alisubiri watu wanyamaze. Nimesema anajua kusema, lakini anajua zaidi kugeuka.

"Sawa," akasema polepole. "Binti amesema kweli. Niliteleza siku ile, nilikuwa na hasira na kijana wangu. Damu ni damu. Basi mbele yenu nasema hivi: kondoo ni wangu, na huyu mtoto naye ni mjukuu wangu. Nawachukua wote. Atalala kwenye nyumba ya bati, atakula vizuri. Nani hapa atasema namdhulumu?"

Watu wengine walianza hata kuitikia kwa vichwa, kwamba huo ni uungwana, mzee amekiri kosa. Sabina alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. Verediana alikuwa amekuja kupigania wana-kondoo watatu, na sasa kwa ulimi wake mwenyewe alikuwa amemfungulia mtu mlango wa kumchukua mwanawe. Blessing alikuwa amechuchumaa pale uani, anamkwaruza mwana-kondoo mmoja kichwani, hana habari.

Ambrosi aliona anashinda, akataka kushinda zaidi. Akatoa simu. Akasema ili isionekane anasema peke yake, baba wa mtoto mwenyewe atathibitisha kutoka Mbeya. Akabonyeza, akaweka sauti kubwa, akaiinua simu juu ili kila mtu apate.

Ikaita, ikapokelewa. Nyuma yake zilisikika honi na mtu anauza karanga, halafu sauti ya mwanamke inauliza nani huyo.

"Crispin, mwanangu, niko hapa kwa mwenyekiti. Tunazungumza habari ya yule mtoto wa Verediana."

"Baba, jamani." Sauti ikashuka, ikawa ya haraka. "Si tulishaongea? Wanataka matunzo, eti? Waambie kama ulivyowaambia mwanzo. Mimi huko sina mtoto. Huyo mtoto simjui, na huyo mwanamke simjui. Niko na mke wangu hapa, usinipigie kwa mambo hayo."

"Crispin, sikiliza kwanza..."

Simu ilikuwa imekatwa.

Mlio wa simu iliyokatwa ulisikika mpaka kwenye ndoo ya mwisho. Ambrosi aliishusha simu, akaitazama, kana kwamba kosa ni la simu.

Verediana alikuwa bado amesimama. Siku zote alikuwa anafikiri kwamba kama angelisikia neno lile kutoka kwa Crispin mwenyewe, angeanguka. Amelisikia sasa, mbele ya kijiji kizima, na hakuanguka. Kilichompanda kutoka miguuni kilikuwa hasira, tena hasira safi, isiyo na machozi ndani yake, na kwa mara ya kwanza maishani maneno yake yalifika yeye akiwa bado yupo.

"Mmesikia wenyewe," akasema, na hakuna aliyemwambia apaze sauti. "Mwenye mbegu amesema hamjui mtoto. Haya, na sisi tuseme yetu. Huku kwetu mtoto anakwenda kwa baba wakati gani? Si wakati jembe la posa limepokelewa? Hata leo watu wanalipa kwa simu, lakini jembe bado linakuja, mshenga analibeba begani, linalazwa mlangoni. Mama, umepokea jembe?"

"Sijaliona," Sabina akasema.

"Basi Blessing ni wa mlango wa mama yangu. Na hawa majike wangu wawili, Mzee Ambrosi, uliwaposa lini? Uliwaletea hata pumba? Dume wako alivunja mlango wangu, nikamrudisha kwako kwa mkono wangu, mara mbili. Ulinijibu nini? Ulisema dume hafungwi kamba. Ulisema mbele ya wageni, mkanicheka. Ukawa unajua analala wapi, na anakula ya nani, kiangazi kizima, na ulinyamaza kwa sababu alikuwa ananenepa. Sasa amezaa, ndiyo umekumbuka kamba? Za kuwafunga watoto? Kama kamba ulikuwa nazo, ungelifunga dume. Yule na yule."

Aliposema yule na yule hakuonyesha mtu wala mnyama. Hakuwa na haja.

Wa kwanza kusema alikuwa yule mjane mwenye majike wanne. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba binti amesema yaliyo ya haki, na kwamba yeye alikuwa anapita pale kila asubuhi akimwona Dopa wa saruji analala juu ya mavi ya maskini. Wanawake wakaanza kusema pamoja. Mzee Vitus akagonga benchi. Akainama kuzungumza na wazee wenzake, wakanong'ona muda mrefu, na Ambrosi akakaa akifuta kioo cha simu kwa shati lake, mara nyingi, ingawa kilishakuwa safi.

Mzee Vitus akatoa hukumu. Alisema baraza limeona kwamba jembe halikupokelewa, si kwa mtoto wala kwa jike, kwa hiyo mtoto asiguswe, na wana-kondoo ni wa Verediana. Hapo akina mama wakapiga vigelegele, naye akainua mkono, hajamaliza. Lakini, akasema, kijiji si mahakama. Mzee ameaibika mbele ya watu, na aliyemwaibisha ni binti mdogo. Kwa hiyo, kwa ajili ya heshima, na ili watu waendelee kusalimiana, Verediana atoe mmoja tu wa kumpoza mzee moyo. Huyo dume mdogo atatosha. Majike abaki nao, wamtoshe.

Akasema hivyo kwa upole, akiwa ameshaanza kuinuka, maana mambo kama hayo huwa hayajibiwi.

"Sitoi," Verediana akasema.

Mzee Vitus akakaa tena. "Binti, umenielewa? Ni wako. Tumekupa haki yako. Hiki ni kipoza moyo tu."

"Nimeelewa, baba. Sitoi. Moyo wake uliungua na nini? Mimi miaka yote hii nimepozwa na nani? Nilipokuwa nakaa hapo kwenye mkeka mtu anamshika mwanangu kidole na nyote mnacheka, ni mzee gani alisema kijiji si mahakama, mpelekeeni huyu binti hata kuku?" Sauti yake ilianza kukwaruza, kwa sababu haikuzoea kazi ile, lakini haikushuka. "Na kati ya watatu mmemchagua dume. Mnajua kwa nini, na mimi najua. Kama ni wangu, ni wangu wote. Kama ni wake, semeni ni wake. Msinipe kwa mkono huu mkachukua kwa ule."

Mzee mmoja akasema huo si utovu wa adabu huo? Mwingine akasema msichana huyu hatapata mume. Mzee Vitus alimwonya kwamba asiyekubali kipoza moyo asije siku nyingine hapa na shida yake akitegemea kupokelewa vizuri. Verediana akasema sawa, amesikia. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayeambiwa bei ya kitu na kuona ni ghali, na anakinunua hivyohivyo.

Ambrosi aliondoka bila kuaga. Alipopita karibu na kondoo, Blessing alimwamkia shikamoo, kama alivyofundishwa kumwamkia kila mzee, na Ambrosi akapita na ile shikamoo ikabaki hewani. Watu waliliona hilo. Sedekia akawasha mashine, na wanawake wakasogeza ndoo zao, wakampisha Verediana na mifugo yake katikati, wengine wakimgusa bega bila kusema kitu.

Sabina alitangulia, anatembea upesi, hajui alie au acheke. Verediana alikuja nyuma. Alidhani akishinda hasira itaisha, lakini walikuwa wameshavuka korongo na bado ilikuwa inamchemka kifuani, na hakuona sababu ya kuizima. Dume mdogo alikuwa anarukaruka mbele yao, anasimama, anarudi, anajaribu kumpiga Blessing kichwa.

"Mama," Blessing akauliza, "yule aliyeongea kwenye simu ni nani?"

"Mtu wa Mbeya."

Watu wa Mbeya huku huja na mchele na parachichi kwenye magari, wakishinda gulioni wanapiga kelele za bei. Blessing alifikiri.

"Anauza nini?"

"Hana cha kuuza," Verediana akasema. "Mzuie huyo asiingie kwenye mbaazi za watu. Tunawapeleka bwawani moja kwa moja, hawajanywa tangu asubuhi."